Mduara wa Zeyana

Kidole cha Fadhil kilipotua kwenye mduara ulioandikwa Zeyana, Shaima alibana midomo asicheke.

Ukumbi wa chuo ulijaa pomoni. Ukutani ulimulikwa mchoro wa lugha za kompyuta: kila lugha na mduara wake, na mishale kuonyesha ipi ilichukua nini kwa ipi, tangu miaka ya hamsini hadi leo. Fadhil aliueleza kama wake. Haukuwa wake hata mshale mmoja. Ilikuwa kazi ya Shaima ya miezi saba, na huyu jirani yake wa Makorora aliazima kompyuta yake siku mbili tu, akauiba mchoro, akawahi kuuwasilisha. Nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo waliyoishindania ilikuwa moja, na mwakani umri wa Shaima ungekuwa umempita.

Lakini za mwizi ni arobaini, na Shaima alizitega mwenyewe. Ujanja huo ulikuwa wa kwao. Babu yao mmoja, alipoandika nasaba ya ukoo, alipachika jina la mtu ambaye hakupata kuzaliwa, ili mwongo atakayedai ujamaa ashikwe kwa jina hilo.

"Na wapo hadi leo wanaomrehemu," bibi yake alimwambia akicheka, huku akigeuza bajia.

Basi Shaima naye, katikati ya Pascal na Python, alichora lugha isiyokuwepo duniani, akaipa mwaka 1986 na jina la bibi yake.

"Zeyana ilirithi unadhifu wa Pascal," Fadhil alisema bila haya, "ikairithisha Python."

Daktari Fanueli, mkuu wa majaji, aliitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia kila jina tangu asubuhi.

Shaima akainuka.

"Shikamooni, waheshimiwa. Mchoro huo ni wangu, na ushahidi ni huo mduara. Hakuna lugha inayoitwa Zeyana! Zeyana ni bibi yangu, yupo Makorora anakaanga bajia. Muulizeni Fadhil, hiyo lugha kaisoma wapi?"

Jasho lilimtoka Fadhil, na kidole bado kiko ukutani. Shaima alimtazama kwa raha, raha tamu ya mtu aliyedhulumiwa kisha akaiona haki inakuja kwa miguu yake.

Daktari Fanueli alivua miwani, akaifuta. Aliwatazama majaji wenzake wawili, nao wakaitazama meza.

"Marahaba, binti," alisema kwa upole. "Husuda si nzuri. Hiyo Zeyana mimi nimeifundisha miaka minne."

"Hata sisi tuliisoma," mmoja wa wenzake akadakia. "Ngumu, lakini lugha hasa."

Fadhil akajifuta jasho, akainama kwa adabu.

"Kweli, Daktari. Nami kitabu chako ndicho nilichosomea."