Siku Elimu Ilipohamishwa

Siku chuo kikuu kilipohamishia seva zake kwenye wingu la mtandaoni, wasomi wote waliambiwa watulie nyumbani mpaka elimu yao irudi. Zamani watu waliitunza kichwani. Siku hizi ilikaa kwenye seva, ikimfuata mwenye digrii popote alipo.

Daktari Sekela alishindwa kutulia. Aliishika sindano ya insulini ya mama yake, akaiweka, akaishika tena. Kila asubuhi alimchoma bila kuwaza. Leo hakujua avute dawa kiasi gani.

"Mwanangu, kiu hainiishi," mama alilalamika.

"Vumilia, mama. Inarudi sasa hivi."

Ikarudi. Kichwa kikamjaa ghafla zege, nondo, na uzito ambao daraja linaweza kubeba. Hapo hapo mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yao, Injinia Mwakipesile, jasho likimtiririka.

"Daktari, ghafla najua dozi za sukari. Nikamkumbuka mama."

"Una uhakika?"

"Uhakika ninao. Ila sijui ulikuwa wa nani kabla yangu."

Sekela akavuta dawa mpaka pale alipoelekezwa. Ndipo alipokumbuka kuwa nyumba ya pili anakaa daktari wa ng'ombe.

Mama alikuwa keshakunja mkono wa gauni.