Dirisha la Kumi na Mbili

Odeta alilifunga pazia la sebuleni mafundo matatu, kama anayefunga mbuzi mkorofi, kisha akarudi kwenye ndoo yake.

Nyumbani kwa baba yake, Mwalimu Ishengoma, pale Kiseke, madirisha yalikuwa na sheria. Yalisafishwa kila Jumamosi kabla jua halijawa kali, kwa sababu sabuni ikikaukia kwenye kioo huacha michirizi. Vijidudu vya ziwani vikipita, yalisafishwa tena. Hukumu ilitolewa kwa leso nyeupe: mwalimu alifuta kila kioo, akaitazama leso, kisha akamtazama mkosaji.

Safari hii hukumu ilikuwa nzito. Kesho yake kwaya ya vijana ilikuwa inavuka kwenda Ukerewe, na Odeta ndiye mwanzishaji wa nyimbo.

"Kioo kichafu, Ukerewe hakuna," mwalimu alisema juzi, akiondoka kwenda msibani Bukoba.

Nyavu zote za mbu zilikuwa zimetolewa madirishani, zimefuliwa, zimeanikwa. Odeta alisugua kwa magazeti ya zamani mpaka vidole vikawa vyeusi.

"Odeta!" Gladness, binti wa jirani, aliita kutoka barabarani akidundisha mpira. "Leo huji netiboli?"

"Nimeacha michezo."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Mama yake alitokea mlangoni, akahesabu. "Umefuta kumi na moja. Na hili la sebuleni?"

"Hilo tayari, mama."

"Mbona sijakuona ukiligusa?"

"Ndiyo maana halina doa."

Mama alikitazama kidole gumba cha bintiye, kilichofungwa plasta. Akakumbuka kwamba ana ndizi jikoni.

Saa tano mwalimu aliingia. Hakukaa. Leso ilipita vyumbani, ikapita jikoni, ikapita hata chooni. Ilibaki nyeupe.

"Baba, chai inapoa," Odeta alisema kila baada ya madirisha mawili.

"Haki haipoi," mwalimu alijibu.

Sebuleni alifungua mafundo matatu, akasogeza pazia, akaduwaa. Akarudi hatua moja nyuma. Ziwa lilionekana kwa mbali, na mawe yake, na ndege mmoja mweupe juu ya jiwe. Miaka thelathini ya kukagua mabweni, hakuwahi kuona kazi kama hiyo.

"Mama Odeta, njoo uone! Hiki sasa ndicho kioo. Hata alama ya kidole hakuna!" Akamgeukia Odeta. "Funga begi, mwanangu. Utaenda."

"Asante, baba. Basi twende tukanywe chai."

"Kwanza tukipe heshima yake." Mwalimu alivua kofia, akaikunjua leso, akanyoosha mkono taratibu.

Mkono ulipita kati ya nondo mpaka kwenye kiwiko.

Kule barabarani, Gladness aliiona leso nyeupe ikipepea. Akaushika mpira wake na kupunga mkono kwa adabu.

"Shikamoo, mwalimu! Pole na safari!"