Wembe wa Arobaini

"Mjukuu wangu hanyolewi na mtu mwingine," alisema Mzee Bilali, akaufungua wembe mpya kwenye karatasi yake.

Tatu alimpakata mwanawe, akamkinga kichwa kwa kiganja. Kwao hapo Kisarawe nywele za tumboni huondolewa na babu siku ya arobaini, na wajukuu kumi na mmoja walikwisha kupita mikononi mwa mzee huyu salama salimini. Lakini wale walizaliwa kabla ya maradhi. Baadaye mkono wake ulitetemeka miaka sita, chai inamwagika, vifungo vya kanzu anafungwa na Tatu, binti yake. Kumwambia leo akae kando ni kumuua angali hai.

Tena akae kando kwa lipi, na mkono umepona? Mwaka jana aliingia kwenye utafiti mmoja huko Kibaha. Madaktari walimweleza kwamba chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, ile kemikali inayouwezesha mwili kutembea na kushika bila kutetemeka, zimemfia. Kwamba wanatoboa fuvu na kupandikiza nyingine changa. Wakamletea maelezo, kurasa kumi na tano. Mzee naye na papara zake! Alisomewa ukurasa wa kwanza tu, akatia dole gumba, akasema yeye kaja kutibiwa, hakuja darasani.

Wiki ya tatu baada ya kutobolewa akanywa chai kwa mkono mmoja. Madaktari wenyewe walishangaa, maana walitarajia nafuu ichukue mwaka. Tatu alilia kutwa nzima kwa furaha.

Sasa shangazi Hajra alikishika kichwa cha mtoto, kikalowanishwa. Wembe ukaanzia kisogoni, ukapanda taratibu, nywele zikidondokea kwenye sahani. Mkono ulikuwa umetulia tuli. Tatu akaanza kujionea haya kwa woga wake.

Wembe ulipofika utosini, pale palipo laini panapodunda, simu ya mzee ikaita. Ni Aneth, muuguzi wa kule kwenye utafiti.

"Weka sauti kubwa," mzee alimwambia Tatu bila kuuinua wembe. "Wote wasikie."

Tatu akabonyeza. Aneth akaamkia, mzee akaitikia marahaba. Muuguzi akaeleza kwamba mwaka wa utafiti umekwisha na majina yamefunguliwa asubuhi hiyo. Mpaka jana hata madaktari wanaowapima wagonjwa hawakujua nani yuko kundi gani. Sauti yake ilijaa bashasha.

"Hongera, Mzee Bilali, zamu yako ya kupandikizwa imefika. Wewe ulikuwa kundi la kulinganisha. Ulitobolewa fuvu tu, ubongoni hatukukuwekea kitu."

Tatu aliutazama wembe pale ulipolala, juu ya utosi wa mwanawe, akaona makali yake yanaanza kucheza.