Nukta ya Penseli

Nilipofungua mlango wa chumba cha mayai, nilimkuta Aita, bibi anayefagia hekalu letu, amechuchumaa kando ya boksi la mchanga tunamofukia mayai hadi yaanguliwe. Bakuli la shaba lilikuwa mapajani mwake.

Mayai ya kobe yalijaa bakulini, meupe, yanang'aa, kila moja limepakwa tone la unga mwekundu wa sala.

"Ndiyo unakuja saa hizi?" alisema. "Watoto wa Mungu umewafukia kwenye uchafu kama viazi! Nimewaogesha mwenyewe."

Kobe hawa wa majini wamebaki wachache mno duniani, na wengi wao wamo humu katika bwawa la hekalu. Yai lao likigeuzwa, kitoto hufia ndani. Ndiyo maana kila yai tunaliwekea nukta ya penseli upande wa juu. Nilizitafuta nukta zile kwenye mayai ya bakulini. Zote zilikuwa zimefutika.

Nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa hata kukasirika. Msimu mzima ni yeye aliyekuwa akifukuza mbwa kando ya bwawa, ili kobe watage kwa amani.

"Si wamependeza?" aliuliza.

Nikafungua mdomo nimwambie asante, nikalale.

Hapo akaingiza vidole mchangani kutoa yai la mwisho. Nukta yake bado ilikuwa juu.

Nikamshika mkono. Ulikuwa umelowa, na unga mwekundu umemganda kwenye kucha.

"Hili tuliache, Aita. Hili halijageuzwa."

Alinitazama. Kisha akaliangalia bakuli.

"Na haya mengine?"