Neno la Daktari

Namalwa alikuwa akinakili kutoka kwenye kamusi ya shule maneno mazito ya Kiingereza ili insha zake zipendeze. Kwa hiyo mwaka 1988, mama yake alipotoka Kibabii kwenda hospitali Kitale, ni yeye aliyeingia naye kumtafsiria daktari mgeni asiyejua Kiswahili.

Daktari aliishusha picha ya eksirei, akasema taratibu, "Incurable."

Ugonjwa usio na tiba. Namalwa alikuwa amejifunza neno hilo wiki iliyopita, akalitungia sentensi, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima.

Mama alikuwa akifunga blauzi. Vidole vyake vilikuwa vimekonda, na kifungo cha juu kilikataa kuingia.

"Amesema nini, mwanangu?"

Namalwa alimfungia kifungo kile polepole. Alitafuta neno la Kiswahili, hata la Kibukusu, ambalo lingekuwa laini kidogo. Hakulipata.

"Hilo neno bado sijalisoma, mama."

"Si akuandikie tu kwa karatasi? Utaangalia kwa kamusi."

Namalwa akainyoosha kola ya blauzi ya mama. Basi mama akamgeukia daktari mwenyewe, akatabasamu kwa heshima, akamwonyesha kwa mkono kwamba aandike.

Daktari akachukua kalamu.