Mkono wa Mkwe

Sista Zamda alimwonya Mshindo mara tatu: alale chali, asikunje mguu kwa saa sita, maana mrija uliofika moyoni ulipitishwa kwenye mshipa wa kinena. Lakini mama mkwe wake, Bi Hidaya, alipoingia wodini, Mshindo akaketi amwamkie.

Damu ikalowesha shuka.

Zamda alimlaza, akakandamiza kinena kwa mikono miwili, hasira zimempanda. "Nani kakwambia uinuke?"

"Ni mkwe wangu, sista. Nimwamkie nimelala?"

"Na maiti humwamkiaje mkwe?"

Bi Hidaya alikuwa ameshageukia ukuta, kajifunika uso kwa kanga. Kengele ya kumwita daktari ilikuwa mbovu tangu Jumatatu.

"Mama, njoo ukandamize hapa, nimkimbilie daktari."

"Mimi? Huyu ni mkwe wangu, mwanangu."

"Basi baki na heshima yako, nikamtafutie sanda."

Bi Hidaya alisogea, akafumba macho, akaweka viganja juu ya pamba iliyolowa.

"Kwa nguvu," Zamda alifoka, akatoka mbio.

Mlangoni aligeuka. Kanga ilikuwa sakafuni.

"Shikamoo, mama," Mshindo alinong'ona.

Bi Hidaya hakuitikia. Alikuwa akikandamiza.