Waya Ulioliwa na Panya

Kitanda kilikuwa kimeshapanda lorini, miguu juu, na dereva alikuwa ameshawasha injini, lakini Mama alikataa kutoka ndani mpaka lile jambo la gitaa liishe.

Sebuleni palibaki kiti kimoja, redio kaseti, amplifaya ya kuazima, na majirani wawili walionuniana: fundi wa kusuka mota na shemeji yake kinyozi. Gitaa Mama alilipakata mwenyewe.

Lilikuwa gitaa la umeme la marehemu mumewe. Hawa wawili hawakuwahi kumwona marehemu. Walihamia mtaa ule akiwa ameshazikwa. Walimjua kwa kaseti moja tu, wimbo mmoja, gitaa peke yake, ambao Mama aliwapigia kila Jumapili kwa miaka kumi na moja. Sauti nzito, ya taratibu, kila noti inatua kama mtu anayekaa kitini baada ya kazi. Fundi alipoisikia mara ya kwanza alikuwa juu ya ngazi anafunga taa. Nusura aanguke.

Tangu siku hiyo, ugomvi. Fundi alishikilia kwamba siri imo kwenye sumaku, zile zinazokaa chini ya nyuzi na kunasa mtetemo wake. Kinyozi alishikilia kwamba siri imo vidoleni.

“Shemeji, kama utamu uko vidoleni mwako, mbona vichwa unavyonyoa vinatoka na mabonde?”

“Na kama uko kwenye sumaku, wewe kapige mota zako tuone nani atacheza.”

“Wanangu,” Mama alisema, “lori linanguruma. Atakayelipiga nikamsikia mume wangu, aondoke nalo. Nami naondoka.”

Fundi alilikazia macho gitaa. Miaka kumi na moja alikuwa akiliota gitaa lile, na sasa ama liende kwake, ama aende akalitazame kwa shemeji maisha yake yote.

Mama akataka kwanza waisikie kaseti mara ya mwisho. Akafungua tochi yake, akatoa betri, akazitia kwenye redio kaseti. Tochi akaipa mpya. Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile: betri zianze tochini, zikichoka ndipo ziende kwenye muziki. Waya wa redio, alisema, uliliwa na panya zamani. Mara tatu fundi alijitolea kumletea mwingine, na mara tatu Mama alimuuliza habari za watoto.

Kaseti ikalia. Fundi akafumba macho. Huyu alikuwa mtu wa kuijua mota iliyochoka kwa kuisikia tu akiwa ng'ambo ya barabara, na sikio lake hilo alilitegemea kuliko cheti.

Alianza yeye. Sumaku ya juu, ile iliyo karibu na shingo ya gitaa, alikuwa ameisuka upya, kwa ruhusa ya Mama, kwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko elfu nane, akihesabu kwa sauti mpaka mkewe akahamia jikoni. Nyuzi alizitia nene, akazilegeza. Akapiga kwa nyama ya dole gumba, bila haraka, na ile sauti ikaja: nzito, ya taratibu, noti baada ya noti. Hata wapakiaji mlangoni walishusha kabati wakasikiliza.

“Ni kaseti yenyewe,” Mama alisema.

Fundi akamtazama shemeji yake kwa huruma ya mtu aliyeshiba.

Kinyozi akalichukua gitaa. “Ulegevu wako siutaki,” akasema, akazikaza nyuzi. Mara dereva akapiga honi. Kinyozi akashtuka, kiganja kikagonga swichi, gitaa likahamia kwenye sumaku ya chini, ile kavu ambayo fundi hakuigusa. Honi tena. Hapo maskini akautimulia wimbo mbio, jasho linamtiririka, sauti nyembamba na kali, kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Alimaliza kabla ya honi ya tatu.

Fundi alicheka akashika ukuta. “Shemeji, wimbo umeunyoa, hukuupiga!”

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mabega yalimtikisika. Alipouondoa mkono, machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

“Chukua, mwanangu,” akamwambia kinyozi. “Ni lako.”

“Mama! Hiyo imefanana wapi?”

“Wewe umepiga vizuri, baba,” alimjibu, akimpapasa bega. “Vizuri mno.” Akabeba redio kaseti yake kwapani, akatoka.

Lori liliondoka saa nne asubuhi. Kinyozi amelitundika gitaa saluni, juu ya kioo, na siku za Jumapili hulipiga, bado mbio. Fundi hakusema naye miezi miwili, mpaka mkewe alipowakalisha meza moja na kufunga mlango. Siku hizi anasuka sumaku za wapiga gitaa wanaotoka mbali kufuata sauti ya marehemu. Dereva alibadilisha honi. Mama yuko kwa binti yake. Binti, alipokuwa akifungua masanduku, aliukuta waya wa redio kaseti, mzima, umeviringishwa ndani ya soksi. Akauchomeka ukutani, akaweka kaseti ya baba yake, na gitaa likatoka jembamba na kali, mbio, kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akicheka kwa machozi. Kisha akauchomoa waya, akaomba aletewe betri za tochi, zile zilizochoka, wimbo uende taratibu, uchelewe kuisha.